Maua ya Zambarau na Ardhi ya Mji: Habari za Krokasi za Nottingham

Walimu wenzetu, makala haya yalizaliwa na aibu. Siku moja tulikuwa tukiwazoeza wanafunzi wetu wa sekondari kufasiri kifungu cha Kiingereza kwa Kiswahili. Kifungu chenyewe kilikuwa kifupi na chepesi: kilieleza jinsi bustani ya mji fulani wa Ulaya inavyopambika mwishoni mwa baridi kwa maua madogo ya zambarau, meupe na ya manjano. Binti mmoja wa safu ya mbele akanyosha mkono. "Mwalimu, ua hili laitwaje kwa Kiswahili?" Tulitazama kitabu, tukatazama dirishani, kisha tukamjibu: "Andika maua tu, yatosha." Akaandika. Hakuonekana kuridhika, wala sisi hatukuridhika.

Tulipokwenda kutafuta, tulikuta kwamba ua hilo si geni kabisa kwetu. Jamaa yake mmoja tunamfahamu tangu zamani kwa jina la zafarani. Zafarani tuijuayo, ile itiwayo katika biriani na katika halua, na ambayo huko pwani hutumiwa kama wino wa kuandikia kombe, haitokani na mzizi wala gome. Ni nyuzi nyekundu zilizo katikati ya ua, tatu tu kwa kila ua, nazo huchumwa kwa mkono. Ili kupata gramu moja ya zafarani kavu hutakiwa maua mia na hamsini hivi. Jina lake limetufikia kwa njia ya Kiarabu, na Waingereza nao jina lao la kiungo hicho lina asili hiyo hiyo. Wanao hata mji katika jimbo la Essex, Saffron Walden, ulioitwa hivyo kwa sababu hapo kale ulisifika kwa kilimo cha zafarani. Ama jina la ukoo mzima wa maua haya, wao hutumia neno lililotoka Kigiriki, ambalo sisi katika makala haya tutaliandika krokasi.

Basi krokasi ni nyingi, na zafarani ni moja miongoni mwao. Zafarani huchanua mwisho wa mwaka, kabla ya baridi. Krokasi zinazosifiwa katika bustani za Ulaya huchanua baada ya baridi, mwezi wa Februari na Machi, katika majira ya kuchipua. (Wako wanaoyafasiri majira hayo kwa neno masika. Sisi hatukubaliani nao. Masika ni mvua, na mkulima wetu akiambiwa masika hushika jembe. Hatazamii theluji iyeyuke.) Chini ya ardhi mmea huu una kitu mfano wa kitunguu kidogo, nasi tutakiita tunguu. Katika tunguu hilo umehifadhi chakula chake mwaka mzima, na ndiyo sababu waweza kuchanua mapema hivyo, wakati miti ingali mikavu na nyasi zingali zimelala. Majani yake ni membamba, yenye mstari mweupe katikati. Jua likitoka ua hufunguka. Mawingu yakitanda hufumba. Baada ya majuma machache ua hunyauka, na majani hubaki yakijaza tunguu chakula cha mwaka ujao mpaka nayo yafe mwanzoni mwa kiangazi. Msomaji aikumbuke habari hii ya majani, maana ndani yake imo sehemu kubwa ya hadithi yetu.

Leo krokasi hupandwa katika bustani za miji mingi ya Ulaya, na habari zake aghalabu ni za furaha tupu: baridi imekwisha, watu watoke wakatembee. Lakini uko mji mmoja wa Uingereza ambao historia ya krokasi zake si ya furaha tupu, nao ni Nottingham, katikati ya nchi hiyo, karibu na mto Trent.

Kusini ya mji huo, kati ya nyumba za mwisho na mto, palikuwa na malisho mapana yaliyoitwa Meadows. Kila mwaka, baridi ilipokuwa ikiondoka, malisho hayo yaligeuka rangi yote. Krokasi za zambarau zilichanua kwa wingi hata mtu aliyesimama juu ya mwamba wa ngome ya mji aliona chini yake kama ziwa la zambarau. Wenyeji walishuka na watoto wao kwenda kuchuma. Hakuna aliyezipanda mwaka ule wala mwaka uliotangulia, zilijiotea. Walakini hazikuwa za asili ya hapo. Kwao ni milima ya kusini ya Ulaya, na kwa namna gani zilifika Nottingham watu husimulia mengi. Inasemekana kuwa watawa wa nyumba ya Lenton, iliyoanzishwa jirani na mji katika karne ya 12 na kufungwa mwaka 1538, ndio walioleta krokasi pale wakitafuta kitu cha kushika mahali pa zafarani. Hadithi hiyo hasa huambatana na krokasi nyingine ya Nottingham, ile ichanuayo mwisho wa mwaka bila majani. Kweli au si kweli, wageni hao walikaa hata wakawa wenyeji, kama mijakaranda ya miji yetu ambayo asili yake ni Amerika ya Kusini na leo hakuna aionaye kuwa ya kigeni.

Kwa nini zilistawi hapo na si mahali pengine? Jibu halimo katika udongo peke yake. Limo katika sheria.

Nottingham ilikuwa imezungukwa na ardhi ambayo haikuwa ya mtu mmoja kwa mwaka mzima. Sehemu ya mwaka mwenye shamba alilima au aliotesha majani ya kukatwa. Mavuno yakiisha, kuanzia mwezi wa Agosti, milango ilifunguliwa na wenyeji wenye haki ya mji waliingiza mifugo yao kulisha. Haki hiyo walirithiana kwa karne nyingi. Hakuna aliyeweza kujenga nyumba katika ardhi ya namna hiyo, maana nyumba haiwezi kuondoka mwezi wa Agosti kupisha ng'ombe. Sasa turejee kwa majani yetu ya krokasi. Ua lilichanua Machi, wakati nyasi zingali fupi. Majani yalikamilisha kazi yake na kufa kabla ya mundu kuja. Ng'ombe walipoingia, tunguu lilikuwa limelala salama ardhini. Mto Trent nao ulifurika mara kwa mara na kuacha udongo wa rutuba. Kalenda ya wachungaji na kalenda ya ua ziliafikiana bila ya yeyote kukusudia. Laiti jembe lingalipita pale kila mwaka, krokasi zisingalidumu.

Hapa baadhi ya waandishi huishia, wakisifu hekima ya wazee waliotunza ardhi ya wote. Sisi hatuwezi kuishia hapo.

Mwaka 1740 au karibu yake, Nottingham ilikuwa na watu wapatao 10,000, na wageni waliupenda kwa bustani na mashamba ya matunda yaliyokuwamo ndani yake. Kisha ikaja kazi ya kufuma soksi kwa mitambo, na baada yake kazi ya lesi, na watu wakamiminika. Hesabu ya mwaka 1801 ilikuta watu kiasi cha 29,000. Ile ya mwaka 1831 ilikuta 50,000 hivi. Mji wenyewe haukuongezeka hata hatua, kwa sababu kaskazini na kusini ulibanwa na ardhi ya malisho. Watu wakaanza kujenga ndani ya nyua, kisha ndani ya nyua za nyua. Bustani zile za matunda zikaisha. Zikaja nyumba zilizopeana migongo, ukuta mmoja kwa familia mbili, zisizo na dirisha la nyuma wala njia ya hewa kupita, na choo kimoja kikitumiwa na kaya nyingi. Tume iliyochunguza afya ya miji ya Uingereza katika miaka ya 1840 iliarifiwa kwamba katika nyumba 11,000 za Nottingham, zipatazo 7,000 au 8,000 zilikuwa za namna hiyo. Kipindupindu kilipoingia mwaka 1832 kiliua mamia, na wengi wa waliokufa walikuwa makabwela wa mitaa ile ya bondeni, hatua chache kutoka malisho ya krokasi.

Naam, hatua chache. Mtoto wa mfuma soksi aliyezaliwa katika chumba kisicho na dirisha aliweza kwenda kwa miguu mpaka kwenye maua, akachuma, akarudi nayo chumbani. Tunapoitafakari picha hiyo hatujui tuifurahie au tuililie.

Kwa nini basi ardhi haikufunguliwa ili watu wajenge? Wenye haki ya malisho ndio waliokuwa wapiga kura wa mji, na mgombea yeyote aliyetuhumiwa kutaka kuigawa ardhi ile alijua atakavyopokewa siku ya uchaguzi. Wapinzani wao waliwabandika jina la dhihaka, ambalo maana yake kwa Kiswahili ni "utawala wa ng'ombe". Lakini tusiwaonee. Miongoni mwao walikuwamo mafundi maskini ambao haki ya kulisha mnyama mmoja ndiyo mali pekee waliyoachiwa na baba zao. Waliona kuwa ardhi ikigawanywa na kuzungushiwa uzio itakwenda kwa mabwanyenye, nao watabaki na kipande cha karatasi. Wenye nyumba za kupangisha ndani ya mji nao walikuwa na sababu zao za kunyamaza: penye nafasi chache kodi hupanda. Hivyo tajiri na maskini, kila mmoja kwa hesabu yake, waliitetea ardhi ile ile, na aliyelipa gharama ni yule asiyekuwa na ng'ombe wala kura.

Mtu mmoja aliyesema wazi ni Thomas Hawksley, mhandisi wa maji. Mwaka 1831 alikuwa amejenga kando ya Trent mitambo iliyopeleka maji safi mjini bila kukatika, jambo ambalo miji mingine mikubwa haikuwa nalo. Katika mwaka 1844 alitoa ushahidi wake mbele ya tume ile ya afya. Huyo aliyajua mabomba ya kila uchochoro, na aliona kwamba maji safi pekee hayatamponya mtu asiye na hewa.

Sheria ikapitishwa mwaka 1845. Ardhi iliyohusika ilizidi ekari elfu moja. Haki za malisho zikafutwa, wenye haki wakapewa viwanja au fidia, na mistari ya mitaa mipya ikachorwa. Jambo ambalo sheria hiyo hukumbukwa nalo ni kwamba kiasi cha ekari 130 zilitengwa kwa ajili ya watu wote wa mji kupumzika na kutembea. Hapo kuna tofauti inayostahili kuangaliwa na mwalimu wa lugha, kwa kuwa imo ndani ya neno "wote". Malisho ya zamani yaliitwa ya wote, lakini kisheria "wote" maana yake ilikuwa wale wenye haki ya mji. Wengine walipita kwa hisani. Bustani mpya ziliitwa za wote, na mara hii mfuma soksi alihesabiwa. Bustani kubwa ya miti, Arboretum, ilifunguliwa tarehe 11 Mei 1852. Uwanja wa Forest ukabaki wazi upande wa kaskazini. Katika Meadows yenyewe ilipimwa njia pana ya miguu yenye miti kandokando, Queen's Walk, kutoka upande wa mji kuelekea mtoni.

Walakini krokasi hazikutiwa katika hesabu. Tayari mwaka 1839 reli ya kwanza ilikuwa imefika Nottingham kutoka Derby na kukata ukingo wa malisho. Baada ya sheria, ardhi ya Meadows, iliyokuwa ikifurika, ilianza kujazwa kifusi na kuinuliwa, na safu za nyumba za wafanyakazi zikasonga mbele mtaa baada ya mtaa, hata kabla ya karne ile kwisha lile ziwa la zambarau likawa limezikwa. Hakuna aliyelaani maua wala kuyang'oa kwa chuki. Yalifunikwa tu.

Waliowasemea walikuwapo. Mary Howitt, mwandishi wa vitabu vya watoto aliyekaa Nottingham katika miaka ya 1820 na 1830, alizitungia shairi krokasi za malisho zilipokuwa zingali nyingi. Baada yake Ann Gilbert, aliyekuwa mke wa mchungaji wa kanisa mjini humo na aliyefariki huko mwaka 1866, alitunga shairi la mzaha wenye huzuni ambamo krokasi zenyewe zinatoa hotuba ya mwisho, kama wafungwa waliohukumiwa kunyongwa. Walimu wa madarasa ya chini wanamfahamu dada yake bila kujua: Jane Taylor ndiye aliyetunga mwaka 1806 ule wimbo wa kinyota kinachometameta ambao watoto wa shule za Kiingereza huuimba hata huku kwetu. Ann Gilbert alikuwa na moyo mwema, na kabla ya kuolewa yeye na dada yake walikuwa wamewaandikia watoto vitabu vilivyosomwa nchi nzima. Hata hivyo tunaona kwamba shairi lake huwaelekea mabibi na mabwana wenye huruma, wale waliozoea kushuka kuyatazama maua na kurudi katika nyumba zenye madirisha. Walioishi katika nyumba zilizopeana migongo hawakutuachia shairi. Yamkini nao waliyalilia maua. Yamkini walifurahi kusikia nyundo za waashi. Yawezekana mtu mmoja akafanya yote mawili kwa siku moja.

Tena wengi wao hawakuhamia katika mitaa mipya. Ugawaji wa ardhi ulichukua miaka ishirini kukamilika, hadi mwaka 1865, na nyumba zilizojengwa zilikuwa za kodi ambayo kabwela hakuiweza. Vichochoro vya bondeni viliendelea kuwa na watu hadi karne ya 20, na mtaa wa Narrow Marsh ulibomolewa katika miaka ya 1930 ndipo. Kwa hiyo kwa muda wa miaka mingi maskini wa Nottingham walikuwa wamepoteza maua na hawajapata nyumba. Sisi tunadhani hilo ndilo kosa kubwa la hadithi hii. Ardhi kufunguliwa si kosa. Kosa ni kufunguliwa kwa kuchelewa, na kwa mwendo uliomfaa mwenye kiwanja kuliko mwenye shida. Wale waliowahi kuona uwanja wa wazi wa mji wao ukipigwa vigingi asubuhi moja, bila ya mtu kuelezwa ni wa nani na wa nini, hawatahitaji maelezo zaidi kutoka kwetu.

Nyumba za Meadows nazo zilizeeka. Katika mwezi wa Machi 1947 mto Trent ulikumbuka njia yake ya zamani na kuingia mitaani, na katika miaka ya 1970 sehemu kubwa ya nyumba zile ilibomolewa na kujengwa upya kwa ramani nyingine. Kando ya mto zilisalia nyanja za wazi, nyingine zikiwa zawadi ya Jesse Boot, mfanyabiashara wa dawa, aliyetoa ardhi mwaka 1920 ili isijengwe kamwe. Queen's Walk ingaliko, ingawa tangu mwaka 2015 tramu hupita katika njia hiyo iliyotengwa kwa waendao kwa miguu. Watu wa mtaa wamepanda tena matunguu ya krokasi katika nyasi zao, nao hupaswa kuwasihi wakata nyasi wa mji wasije mapema, kwa sababu ile ile ya majani tuliyoitaja. Zamani kazi hiyo ya kungoja ilifanywa na sheria ya malisho. Sasa yahitaji mtu wa kuandika barua.

Karibu na stesheni ya reli ya Nottingham iko barabara inayoitwa Crocus Street, yaani Barabara ya Krokasi. Wapimaji wa mji walipofuta malisho waliandika jina la ua juu ya ukuta wa matofali, na jina limedumu kuliko ua. Tulimpeleka binti yule ramani ya mji huo na kumwonyesha. Aliitazama kwa muda, kisha akauliza kama katika mji wetu pia kuna mitaa iliyoitwa kwa vitu vilivyokuwapo kabla ya mitaa. Tulimpa kazi hiyo yeye na wenzake wakaifanye kwa wazee wao, na daftari zimeanza kurudi: mtaa wa mvule usio na mvule, mtaa wa kisima usio na kisima.

Neno krokasi tumelitumia hapa kwa kukosa jingine. Mwenzetu mmoja apendelea zafarani-mwitu, nasi twaliogopa, asije mtu akatia katika biriani kitu kisicho zafarani. Mwalimu mwenye neno bora zaidi na alilete kabla ya toleo lijalo.